Hawezi au hataki? Daftari la kufuatilia watoto wa miezi 12 hadi 36 kituoni

MamaKituo_Pasua

Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa.

Natengeneza daftari la makuzi kwa kituo cha kulelea watoto mchana hapa Moshi, watoto wa miezi 12 hadi 36. Uzito na chanjo vimo kwenye kadi ya kliniki, sivirudii. Nataka ukurasa mmoja kwa kila mtoto: juu hatua zake (kutembea, kusema, kula mwenyewe), chini hulka yake, yaani ni mtoto wa namna gani.

Kinachonikwamisha ni kwamba sehemu hizo mbili zinaingiliana. Walezi wanaandika "mkaidi", "mzito", "mwoga", na huwezi kujua kama ni tabia au kuna kitu mwilini. Mifano kutoka rasimu:

1. Wa kiume, miezi 20. "Mkaidi, haitiki akiitwa." Maneno 5. Nyumbani ni Kichaga na Kiswahili. Bibi yake anataka akatwe udata (ulimi uliofungwa).

2. Wa kike, miezi 17, alizaliwa njiti wa wiki 32. "Mzito." Anasimama dede, anatembea akishika ukuta, hajaachia.

3. Wa kike, miezi 26. "Mwoga." Mama yake anasema nyumbani anaongea kutwa nzima. Kituoni hafungui mdomo.

Naomba mnisaidie: mipaka ya umri ni ipi, mtoto anayegoma anapimwaje, na kwenye hulka niandike nini badala ya haya maneno ya lawama?

---

Nesi_RCH_Hai

Dada, sahihisha umri kwanza. Njiti hupunguziwa wiki alizokosa mpaka afikishe miaka 2. Huyo wa wiki 32 alikosa wiki 8 kufikia 40, kwa hiyo miezi 17 ya kadi ni miezi 15 ya makuzi. Andika umri wote wawili juu ya ukurasa, maana mlezi mwenye watoto kumi mbele yake hatakaa apige hesabu.

Kisha achana na umri mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na likayaandika kama dirisha lenye mwanzo na mwisho. Kusimama kwa kushikilia ni miezi 4.8 hadi 11.4. Kutembea kwa kushikilia 5.9 hadi 13.7. Kusimama dede 6.9 hadi 16.9. Kutembea mwenyewe 8.2 hadi 17.6. Ona hilo la mwisho: kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya miezi 9, na wote wazima. Kutambaa kwa magoti kusikupe presha, watoto kama 4 kwa kila 100 waliiruka hatua hiyo kabisa.

Kwa mambo mengine, orodha ya hatua za makuzi ya Marekani iliyorekebishwa 2022 inafaa kituo kwa sababu imechagua vitu ambavyo angalau watoto 75 kwa 100 huwa wanavifanya kufikia umri huo. Ukitumia orodha ya wastani, nusu ya watoto wako wataonekana wamechelewa. Miezi 18: anatembea bila kushika, anaonyesha kwa kidole kitu kilichomfurahisha, anafuata agizo moja bila kuonyeshwa kwa mkono, anajaribu kijiko, anapanda kiti mwenyewe. Miezi 24: anaunga maneno mawili, anapiga mpira teke, anakimbia, anakula kwa kijiko. Miezi 30: maneno kama 50, anaruka kwa miguu yote miwili, anafunua kurasa moja moja, anavua baadhi ya nguo. Miaka 3: anachora duara akionyeshwa, na (hii ni yenu kabisa) anatulia ndani ya dakika 10 baada ya mzazi kuondoka.

Weka mstari mwekundu kwa jambo moja ambalo halina umri: mtoto aliyekuwa anasema au anafanya kitu akaacha. Huyo haandikwi "tutaendelea kumwangalia". Anapelekwa wiki hiyo hiyo.

Halafu waulize wazazi kuhusu dozi ya pili ya surua-rubela ya miezi 18. Wengi wakimaliza ya miezi 9 hawaonekani tena kliniki, na ndiyo umri ambao kutotembea na kutoonyesha kidole kungegunduliwa.

---

Fizio_Njiro

Namba 2. Kwa miezi 15 bado yumo dirishani. Lakini futeni "mzito", maana ukishaliandika hakuna atakayemtazama tena. Mtazame hivi: akiwa amesimama, weka kikopo sakafuni karibu na mguu wake. Anachuchumaa kwa kukunja magoti na kuinuka nacho, au anajiachia kwa matako? Nyayo zinakanyaga zima, au kisigino kimoja kiko juu kila mara? Ukimwinua kwa kumshika kwapani, mabega yanashika au anakuteleza mikononi? Akiwa anachuchumaa na kuinuka, nyayo zote zimelala na pande mbili zinafanana, huyo anaweza. Hajaamua tu.

Kumhakikishia kwamba anaweza: mshikishe ncha moja ya kanga iliyokunjwa, wewe shika nyingine, tembeeni. Taratibu legeza kanga mpaka iwe haimbebi hata kidogo. Mwangalifu ataendelea kutembea kwa sababu anaamini ameshikwa. Mwenye miguu isiyo tayari atakaa chini kanga ikilegea. Rudia siku mbili tofauti, peku, kwenye sakafu isiyoteleza. Soksi kwenye sementi iliyopigwa rangi nyekundu haipimi chochote. Akifika miezi 18 ya kurekebishwa hajaachia, aende kuonwa.

Woka (vile vigari vya kujifunzia kutembea) ziondoeni kama mnazo. Mtoto anasukuma kwa vidole vya mbele, haoni miguu yake, hajifunzi kuanguka, na akiwa ndani yake anafikia jiko la mkaa haraka kuliko mlezi anavyoweza kuinuka. Canada walipiga marufuku hata kuziuza mwaka 2004.

Mkono: kabla ya miezi 12, au hata 18, mtoto anatakiwa kutumia yote miwili. Anayetumia mmoja tu mapema namna hiyo, wa kulia au wa kushoto, mtazameni ule mwingine: umekunja ngumi? Kidole gumba kimelala ndani ya kiganja? Huo ni udhaifu wa upande mmoja, na watu wanaufurahia wakisema "ameshaonyesha mkono wake". Baada ya miaka 2 ni kinyume: kushoto ni kushoto tu, asipigwe wala asifungwe mkono wakati wa kula.

Matege nayo, kwa kuwa tuko kanda hii. Magoti kuachana ni kawaida mpaka karibu miaka 2, kisha kwenye miaka 3 au 4 yanagusana, halafu yananyooka. Mlaze, visigino vikigusana, pima mwanya wa magoti. Zaidi ya sentimita 6, au mguu mmoja tu, au unaongezeka baada ya miaka 2: hospitali. Na ulizeni maji ya nyumbani ni ya wapi na kama kiburu (ndizi na maharage) au maharage yanawekwa magadi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru yana floridi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, magadi yanaongezea, na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, floridi inabaki. Meno ya kudumu ya mbele yanajengwa ndani ya fizi katika umri huu huu wa watoto wako. Chakula cha kituo kisiwe na magadi, maharage yalowekwe usiku kucha.

---

Baba_Kiborloni

Mnawatisha wazazi bure. Watoto wa kiume huchelewa, ukoo mzima huku wanaume wanaanza kuongea miaka 3 na ni wahasibu. Huyo namba 1 mwacheni.

---

Fizio_Njiro

Mkuu, tofauti ya wavulana na wasichana kwenye kusema ipo, lakini ni ndogo, ya kuhesabu kwa wiki au mwezi mmoja miwili, haifikii mwaka. Kwenye kutembea ni hatari zaidi kusema hivyo: kuna ugonjwa wa kudhoofika misuli unaowapata karibu wavulana pekee, na kuchelewa kutembea ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo. Mvulana wa miezi 18 asiyetembea ndiye wa kuangaliwa zaidi.

---

Mwl_Matamshi_Sakina

Namba 1 ndiye aliyenifanya niandike. "Haitiki akiitwa" haihusu ukaidi mpaka masikio yapimwe.

Kupima kwa awali pale kituoni: subiri chumba kitulie, mtoto awe anacheza lakini hajazama. Simama nyuma yake mita 1, pembeni kidogo, kivuli chako kisimfikie, usijipake manukato. Mwite kwa sauti ya chini, kisha mnong'oneze. Hesabu hadi 5. Rudia upande wa pili. Kisha kopo la plastiki lenye mchele, litikise kidogo. Andika: geuka au hajageuka, upande gani. Fanyeni siku tatu tofauti. Msibamize mlango na msipige sufuria: mtoto asiyesikia anahisi mtikisiko miguuni na atageuka, halafu mtaandika "anasikia".

Kwa nini siku tatu? Baridi ya Juni mpaka Agosti, mafua hayaishi, na majimaji hubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa, hata miezi. Usikivu unapanda na kushuka. Leo anageuka, kesho hageuki, na mtu mzima akiona hivyo anasema "anasikia vizuri huyu, anajifanya". Nadhani nusu ya ukaidi unaoandikwa kwenye madaftari ya watoto wa umri huu ni mafua. Akikosa siku mbili kati ya tatu, au sikio likitoa usaha, apelekwe masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC iko hapo hapo Moshi, na rufaa inaanzia kituo chenu cha afya.

Akiwa anasikia, pima kuelewa. "Lete kiatu," mikono nyuma, macho usiyapeleke kwenye kiatu. Watoto ni mafundi wa kufuata macho. Akileta kiatu huku anasema maneno 5 tu, hali ni nyepesi kuliko asiyesema na asiyeelewa.

Kisha kidole. Kuna kidole cha kuomba (nipe kile) na kidole cha kuonyesha (angalia, ndege!), ambapo mtoto anaonyesha, anakugeukia usoni, anarudi kwenye kitu. Ni hiki cha pili tunachokitafuta kufikia miezi 18. Mtoto asiye nacho, asiyegeukia jina lake na masikio ni mazima, asiyekuletea vitu ili tu uvione, afanyiwe dodoso la M-CHAT-R la kuchuja dalili za usonji, maswali 20 ya kuulizwa mzazi, kwa umri wa miezi 16 hadi 30. Jibu lake linasema nani apelekwe mbele. Halitoi jina la ugonjwa, na kituo kisitoe pia.

Sasa kuhesabu maneno, hapa walezi wanakosea sana. Neno ni sauti ile ile, kwa kitu kile kile, bila kuambiwa "sema". "Ma" kwa maji ni neno. "Muu" kwa ng'ombe ni neno. Cha Kichaga kinahesabiwa, cha Kiswahili kinahesabiwa, hata cha kwenye katuni. Akijua kitu kimoja kwa lugha mbili andika mawili. Nina hakika hayo maneno 5 ni ya Kiswahili tu, mwombeni bibi aandike yake. Lugha mbili hazicheleweshi mtoto, na msimwambie bibi aache Kichaga. Mtoto ataambulia Kiswahili kibovu cha kulazimishwa badala ya Kichaga kizuri.

"Maneno mawili pamoja" kwa miezi 24 kunahitaji akili kidogo kwa Kiswahili. "Sitaki" ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake. Watoto wetu huanza na shina, "taka", "kuja", kiambishi wanakimeza, kisha wanaunga: "taka maji", "baba kuja", "gari ile". Hayo ni mawili. "Asante mama" aliyofundishwa kama wimbo ni moja. Kama una shaka, angalia kama anabadilisha kipande: anayesema "taka maji", "taka uji", "mama maji" ameshajua kuunga. R na L kuchanganyika, "lafiki", "mkate wa moto" kuwa "kate moto", haviandikwi popote katika umri huu.

Udata: ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya, na baadaye matamshi ya sauti chache. Haumzuii mtoto kuwa na maneno. Asiye na maneno hatayapata kwa kukatwa ulimi, wala kimeo. Anayemkata kwa wembe nyumbani anamwachia jeraha, damu na wadudu. Mwambie bibi kwa heshima kwamba sikio linapimwa kwanza, mengine baadaye. Hiyo huwa inakubalika kuliko kumwambia amekosea.

---

MamaKituo_Pasua

Asanteni mno. Namba 1: mnong'ono, kushoto amekosa siku zote mbili tulizopima, kulia amegeuka. Anaandikiwa rufaa.

Nyongeza moja: kuna wa miezi 19 akinyang'anywa kitu analia mpaka pumzi inakata, anakuwa wa bluu, analegea. Walezi wanasema degedege, mmoja alitaka kumnusisha kitunguu. Hii naiweka upande wa hulka au wa ugonjwa?

---

Nesi_RCH_Hai

Kwenye zote mbili, na ndiyo maana inachanganya. Akilia kwanza kwa hasira au maumivu, kisha pumzi ikakata, akalegea, akarudi chini ya dakika 1, hiyo si degedege. Huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, na huisha yenyewe miaka inavyosogea. Hafanyi makusudi: mwili unakata pumzi wenyewe.

Mlazeni sakafuni kwa ubavu, ondoeni vitu karibu na kichwa, hesabuni sekunde kwa sauti. Msimtikise, msimwagie maji, msiweke kijiko wala kidole mdomoni, kitunguu kirudi jikoni. Akizinduka msimpe kile alichonyang'anywa, na msimzomee. Mbembelezeni kidogo, maisha yaendelee.

Kisha apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma unaongeza matukio haya, na dawa ya chuma huyapunguza. Kuanzia miaka 2 hadi 5, himoglobini chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu. Kwa huyo wa miezi 19 kiwango kipya ni 10.5. Ulizeni anakunywa nini: chai ya maziwa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia, na maziwa zaidi ya nusu lita kwa siku yanamjaza asile nyama, dagaa wala maharage. Mtoto wa mtori na maziwa ananenepa vizuri huku damu inapungua.

Hospitali haraka ikitokea bila kulia, akiwa usingizini, akiwa na homa, au akitetemeka dakika 5.

---

Makuzi_UsaRiver

Nimechelewa, nichukue sehemu ya hulka.

Wataalamu wawili wa New York, Thomas na Chess, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto tangu uchanga wakapata vipengele 9. Kwa kituo vinne vinatosha: anakaribiaje kitu kipya, anazoea kwa muda gani, hisia zake zina nguvu kiasi gani (furaha pia, si kilio tu), na anang'ang'ania kazi kwa muda gani. Kwao watoto kama 40 kwa 100 walikuwa wepesi, 10 wagumu, 15 wa kupasha moto taratibu (wanaozoea polepole), waliobaki mchanganyiko.

Mtazameni kwenye nyakati nne zile zile: kuingia asubuhi, chakula kipya, kulala mchana, na kunyang'anywa. Siku tatu, asiwe mgonjwa, na zisiwe wiki 2 za kwanza. Halafu sheria moja ya kalamu: andika kitendo na dakika. Badala ya "mwoga", andika "alisimama mlangoni dakika 12 ameshika kanga ya mlezi, akaangalia vikopo, akaenda mwenyewe". Mwezi ujao ikiwa dakika 5, mna habari. "Mwoga" haibadiliki kamwe.

Namba 3 kwa maelezo hayo ni wa kupasha moto taratibu, lakini thibitisha upande wa juu wa ukurasa kwanza: mama amrekodi sauti dakika 2 nyumbani bila yeye kujua, awatumie kwa WhatsApp. Mkisikia "mama taka ndizi ingine", kusema anaweza. Kituoni mpeni mlezi mmoja yule yule, mkao wa mgongo ukutani ambapo anaona mlango, na kazi ya mikono. Asilazimishwe shikamoo mbele ya wageni. Mlezi amsalimie mgeni kwa niaba yake na kuendelea. Usimwambie "ongea". Sema unachoona, "kikopo chekundu kimeanguka", kaa kimya sekunde 10. Mwezi wa kwanza kituoni hauhesabiwi. Ukimya ukiendelea zaidi ya mwezi baada ya hapo, ongeeni na daktari wa watoto.

Hasira za kujigaragaza: miezi 18 hadi miaka 3 ni kilele chake, nyingi huisha ndani ya dakika 5. Andikeni saa. Zikijikusanya saa 5 asubuhi, ni njaa. Saa 8 mchana, ni usingizi, maana wa miaka 1 hadi 2 wanahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Zisizo na saa ndizo za kuuliza zaidi, hasa mtoto asiye na maneno ya kuombea.

Na msipake rangi "mgumu" kama kasoro. Mtafiti Marten deVries aliandika mwaka 1984 kuhusu kikundi kidogo sana cha watoto wachanga wa Kimasai wa Kenya wakati wa ukame: waliohesabiwa wagumu, wenye kulia kwa nguvu, ndio waliopona zaidi kuliko wapole. Ni watoto wachache mno kujengea kanuni. Lakini inaeleza kwa nini mtoto mpole asiyedai chochote ndiye ninayetaka mumpime mzingo wa mkono kila mwezi. Chini ya sentimita 12.5, kliniki.

---

MamaKituo_Pasua

Ukurasa huu mzazi ausome, au ubaki kwetu?

---

Makuzi_UsaRiver

Ausome, na nafasi ya mistari mitatu chini aandike yeye. Kwa penseli. Sehemu ya juu wekeni tarehe mtoto alipoanza kufanya kitu, si tarehe mlezi alipokumbuka kuandika.